Sahihi ya Nne

Mama Kola hakuwahi kuzaa mtoto anayeitwa Kola. Hakuzaa mtoto yeyote. Wapangaji wapya walimwuliza, "Na huyo Kola yuko wapi, mama, anasoma?" naye akawajibu bila kuinua uso kwenye cherehani, "Yuko shingoni mwako, na amechakaa."

Kola ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mafundi wenzake walishona magauni ya harusi na sare za shule, yeye alishughulika na mashati yaliyochoka. Shati likilika shingoni hadi kola ikaota nyuzi kama ndevu za wiki mbili, mwenyewe alilipeleka kwake. Alifumua mshono kwa ncha ya wembe, akaitoa kola nzima, akaigeuza upande ambao haukuwa umeona jua wala jasho, akaishona tena mahali pake. Mtu aliondoka na shati la kwenda nalo ibadani bila aibu. Kazi hiyo inataka subira, na subira yote ambayo Mwenyezi Mungu alimjalia aliimalizia kwenye kola. Kwa watu hakubakiza. Mteja akilalamika kwamba kola imembana, alimwambia, "Kola haijabana, baba. Shingo imenenepa." Walinuna, wakaondoka, wakarudi, kwa sababu mishono yake haikufumuka.

Chumba chake kilikuwa cha mbele katika nyumba ya vyumba sita, dirisha likitazama barabara. Cherehani ya miguu ilikaa chini ya dirisha. Kushoto palikuwa na pasi, kulia kopo la maziwa lililojaa vibiringo vya nyuzi. Na juu ya droo ya cherehani, ikiegemea kopo hilo, ilisimama simu. Ndani ya simu alikuwamo mdogo wake.

Mdogo wake alizaliwa kiziwi. Watu wa mtaani walimwita Bubu, na kuna mtu mmoja ambaye Mama Kola alimfukuza na mkasi mpaka njia panda kwa sababu ya neno hilo. Yeye alimwita Vumbi, kwa jinsi alivyokuwa akirudi kutoka kucheza. Jina lilimfaa zaidi alipokua na kupata kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, akawa anatoka kazini mweupe hadi kope. Pale mashineni uziwi wake ulikuwa neema. Wenzake walitoka na vichwa vinavyovuma, yeye alikuwa akiweka tu kiganja kwenye ubavu wa mashine na kujua kwamba jiwe limeanza kulegea, kabla fundi hajaitwa. Tajiri wake alipohamishia mashine mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, alisema yuko radhi aache milango na madirisha, lakini Vumbi hamwachi.

Shule ya viziwi ilikuwa mbali na baba yao alishafariki, kwa hiyo watoto hao wawili walijitengenezea lugha yao wenyewe uani. Kiganja kikipita shavuni, huyo ni mama. Vidole viwili vikitembea juu ya mkono, hiyo ni safari. Kidole kikisugua ncha ya pua, huyo ni mwongo, kwa sababu ya jirani mmoja aliyekuwa mwongo na mwenye mafua mwaka mzima. Mungu alikuwa mikono miwili iliyofunguliwa juu ya kichwa, kisha ikashushwa taratibu mpaka kifuani. Akiwa na miaka saba Vumbi alimwuliza dada yake kama Mungu anaona mikono au anasubiri sauti. Dada yake akamjibu kwamba anaona. Tangu siku hiyo walisali pamoja kwa mikono, na Mama Kola, hata alipokuwa peke yake, hakuweza tena kusali kwa mdomo.

Mama yao, siku chache kabla ya kufariki, alimshika binti yake masikio yote mawili akamwambia, "Haya si yako peke yako." Baada ya hapo walibaki watu wawili tu duniani wanaoijua lugha ile.

Kwa watu wengine wote Vumbi alikuwa na jibu moja. Alitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Alijifunza utotoni kwamba ukiitikia watu wanaridhika na kuondoka, na usipoitikia wanakuzaba kofi kwa kiburi. Siku moja muuza duka alimwuliza kama ndiye aliyeiba sabuni. Akatabasamu, akaitikia. Alipigwa hadi dada yake alipofika akasimama katikati na kusema, "Haya, mwulize kama yeye ndiye mjomba wako." Muuza duka akauliza kwa hasira. Vumbi, damu ikimtoka puani, akaitikia.

Mtandao ulipoingia nyumba ile, kila chumba kililipa kiasi kile kile kwa mwezi na kutumia kadiri kinavyotaka. Kwa Mama Kola ilikuwa kama mtu amebomoa ukuta kati ya miji miwili. Asubuhi baada ya chai alifungua simu, jioni akaifunga. Vumbi aliiweka ya kwake kwenye rafu juu ya mzani. Hawakuzungumza muda wote. Huyu alifumua kola, yule alipakia magunia, na mmoja akiinua macho akamkuta mwenzake, walipungiana vidole, wakaendelea na kazi. Sauti Mama Kola aliizima kabisa, maana mngurumo wa ile mashine ungefukuza wateja. Wapita njia walimwona akiirushia simu mikono na kucheka, wakadhani amerukwa na akili. Hakujali.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Kisha Mwalimu akaitisha kikao.

Mwalimu alikuwa mstaafu, mpangaji wa chumba cha nyuma, mwenye mashati manne ambayo Mama Kola aliyageuza kola yote. Jumamosi moja alitoa kiti chake uani, akamkaribisha wakala wa kampuni ya mtandao, mwanamume mwenye fulana ya nembo na kalamu tatu mfukoni, akawaita wapangaji wote.

"Ndugu zangu," Mwalimu alianza, kana kwamba bado yuko mbele ya ubao, "mimi kwa wiki nasoma ujumbe mmoja wa rambirambi. Watoto wa huyu mama wanaangalia paka akimfukuza panya tangu jua linapochomoza. Mwisho wa mwezi tunalipa sawa. Hesabu gani hiyo? Hata maji tunalipia kwa mita."

Aliyesemwa ni Mama Mapacha, wa chumba cha pili, ambaye alikuwa akianua nguo kwenye kamba. "Mwalimu, maji yakitumika yanakwisha. Huyo paka wa wanangu amekupunguzia nini?"

"Amenipunguzia kasi! Nikifungua picha ya mjukuu wangu inashuka vipande vipande. Leo nywele, kesho pua."

"Basi subiri keshokutwa utaona mdomo."

Watu wakacheka. Wakala naye akacheka kidogo, kisha akafungua jalada lake. "Ndiyo sababu kampuni imeleta mpango wa Lipa Unachotumia. Mnanunua kifurushi, mita inahesabu. Anayetumia kidogo, analipa kidogo. Anayetumia sana, hilo ni lake. Mtambo wa nyumba hii ni mmoja, kwa hiyo ama wote mnahama ama wote mnabaki. Nikipata sahihi nne kati ya sita, tunaanza tarehe mosi."

Mwalimu alitia sahihi kwanza. Akafuata dereva wa lori ambaye hulala nyumbani mara mbili kwa mwezi. Akafuata mwashi, ambaye alisema simu yake yenyewe ina kioo kilichopasuka. Mama Mapacha alikataa. Mwanafunzi wa chuo wa chumba cha tano alikataa pia, akarudi ndani. Macho yote yakamgeukia Mama Kola, aliyekuwa amesimama mlangoni na shati la mtu begani.

"Na anayeongea na mtu mmoja tu?" aliuliza.

"Mtu mmoja?" wakala alisema.

"Mmoja. Bila filamu, bila muziki, bila paka. Na sauti nimezima."

Wakala akacheka kwa furaha. "Mama yangu! Mtu mmoja, tena bila sauti? Wewe ndiye tuliyekufikiria tulipotunga mpango huu."

Hakumwuliza anaongeaje bila sauti, na Mama Kola hakumweleza, kwa sababu kwake hilo halikuwa jambo la kuelezwa. Aliwaza kama mtu mwingine yeyote ambaye angelelewa katika ukimya ule. Kelele ndizo alizoziona nzito. Watu wanaopayuka, miziki, mabomu ya kwenye sinema, hivyo ndivyo vinavyokula. Mikono miwili inayotembea kimyakimya kwenye kioo ingekula nini? Akaishika kalamu, akatia sahihi ya nne.

"Mama Kola, umetuuza," Mama Mapacha alisema.

"Nimekuuza wewe? Na mapacha juu? Nani angenunua?"

Uani wakacheka tena. Kicheko hicho alikuja kukikumbuka.

Siku mbili baada ya tarehe mosi Mama Kola aliteleza kwenye ngazi ya baraza akavunjika kifundo cha mguu. Walimfunga plasta hadi gotini, akawa anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Wiki hiyo hiyo Vumbi alishikwa na tumbo. Tajiri wake alimpeleka hospitali ya mji ule, akalazwa, na Mama Kola, asiyeweza hata kufika kwa jirani bila fimbo, alifanya mapatano na sista wa wodi. Daktari akipita saa nne asubuhi, sista ainue simu ya Vumbi mbele ya daktari, sauti ifunguliwe, na yeye awe katikati.

Siku tatu mpango ulikwenda vizuri. Daktari aliuliza, Mama Kola akageuza maneno kuwa mikono, Vumbi akajibu, Mama Kola akageuza mikono kuwa maneno. "Anasema panauma ubavu wa kulia, kama jiwe la mashine lililokaa vibaya." Daktari alitabasamu, akabonyeza ubavu, akaandika. Siku ya pili, "Anasema dawa imetuliza lakini haijatoa." Siku ya tatu, "Anasema usiku panachoma, na anauliza nani anasaga badala yake."

Muda mwingine wote simu ilikaa wazi kama kawaida yao, tena zaidi, kwa sababu mgonjwa aliogopa akimkosa dada yake kiooni. Kampuni ilikuwa ikimtumia Mama Kola ujumbe kila siku. Jishindie hiki, jiunge na kile, hongera umechaguliwa. Kati ya ujumbe huo kulikuwa na mmoja uliosema kwamba kifurushi chako kimebaki asilimia kumi. Aliufuta pamoja na mingine.

Ijumaa, saa nne na dakika chache, daktari alifika kitandani. Mama Kola alimwona sista akiinua simu, akasikia sauti ya daktari ikisema, "Haya, dada, mwulize leo anajisikiaje." Akauliza. Vumbi alikunja uso. Mkono wake wa kulia ukaanza kuinuka kuelekea ubavuni, halafu ukasimama hewani.

Mama Kola alidhani anasita. Akamwambia kwa mikono, sema, usiogope. Mkono haukusogea. Kope hazikupepesa. Sista naye alikuwa ameganda, mdomo nusu wazi. Ndipo alipoelewa kwamba si Vumbi aliyesimama.

Alibonyeza, akafunga, akafungua. Akapiga simu ya kawaida, lakini sista alikwisha kumrudishia Vumbi simu yake, sauti imefungwa, ikaita mikononi mwa kiziwi. Akapiga tena. Akashika fimbo, akatoka na plasta yake, akimwita Mama Mapacha, akaburuta mguu mpaka kibanda cha vocha. Mwenye kibanda alimwambia, "Mfumo unasumbua, mama, kaa kidogo." Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono yake ikisali mapajani bila yeye kuiamuru. Mfumo ulirudi baada ya nusu saa.

Kioo kilipofunguka, Vumbi alikuwa ameketi kando ya kitanda kilichokwisha tandikwa upya, amevaa shati lake. Lilikuwa na kola aliyoigeuza dada yake.

"Ameruhusiwa," sista alisema. "Ulikatika. Daktari alimwuliza mwenyewe kama maumivu yamekwisha, akaitikia. Akamwuliza kama anataka kwenda nyumbani, akaitikia. Tena anatabasamu."

"Angemwuliza kama yeye ni twiga angeitikia!" Mama Kola alipiga kelele. "Sista, nakuomba kwa jina la Mungu. Mrudisheni kitandani. Panauma. Mtazame mkono wake uko wapi!"

"Daktari ameingia chumba cha upasuaji, dada. Na kitanda kimeshapewa mtu mwingine. Akizidiwa arudi Jumatatu."

Jumamosi alfajiri Mama Kola alipanda basi, simu isishike mtandao safari nzima, mguu wa plasta ukiwa umenyooshwa njiani kati ya viti, kila anayepita akiugonga. Alifika jua likiwa bado liko juu. Ilikuwa siku ya soko, siku ambayo mashine ya kusaga hunguruma hadi jioni, lakini aliposhuka hakusikia kitu. Mashine ilikuwa imezimwa. Hakuhitaji kuambiwa.

Tajiri alimpokea mlangoni, kofia mkononi. Tumbo lilipasukia ndani, alisema, walikuwa wakitafuta gari la kumrudisha hospitali. Kisha akasema jambo jingine, na afadhali asingelisema.

"Alikuwa akisema kwa mikono tangu asubuhi, dada. Anasema, anarudia, anasema, anarudia. Hatukuelewa. Tukawa tunamwitikia tu kwa vichwa. Tungefanya nini?"

Walimzika Jumapili. Mungu amrehemu, alikuwa na miaka thelathini na nane, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika.

Plasta ilipoondolewa, kituo cha kwanza alichokwenda Mama Kola kwa miguu yake miwili kilikuwa ofisi ya kampuni ya mtandao. Alichukua namba, akakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya watu waliokuja kulipa, mpaka namba yake ikaitwa. Binti wa kaunta aliingiza namba yake ya simu kwenye kompyuta, akakunja midomo.

"Ulitumia sana, mama. Video peke yake, siku nzima."

"Haikuwa na sauti."

"Sauti ndiyo nyepesi kuliko vyote, mama. Ungepiga ya sauti mwezi mzima, kifurushi kile kisingekwisha. Picha ndiyo inayokula."

Mama Kola aliitazama mikono yake juu ya kaunta. Nyuma yake mtu alianza kukohoa makusudi. Ndipo alipoelewa uani pale alitia sahihi ya kitu gani. Aliposema, hakuinua sauti.

"Kwa hiyo mwenye mdomo anaongea kwa bei ya peremende. Mwenye mikono, kwa bei ya ng'ombe."

"Mama, mimi sipangi bei."

"Niitie anayepanga."

Aliyekuja hakuwa anayepanga bei, alikuwa meneja wa tawi tu, mtu mwenye sauti ya kubembeleza. Alimsikiliza hadi mwisho, akampa pole, na pole yenyewe ilionekana ya kweli. Kisha akasema, "Lakini elewa, mama yangu. Mita haimjui kiziwi wala tajiri. Inahesabu tu. Zamani mzee wa ujumbe mmoja alikuwa anamlipia anayeangalia mpira siku nzima. Sasa kila mtu anabeba mzigo wake. Huo ndio usawa wenyewe. Na wewe ulitia sahihi, nimeiona. Ila kwa ubinadamu, tutakuwekea giga tano za bure, kama mkono wa pole."

"Giga tano."

"Za bure kabisa."

Mama Kola aliweka mkoba wake chini. Akainua mikono yake yote miwili, akaanza kusema kwa lugha ambayo mtu wa pili aliyeijua alikuwa chini ya udongo. Alisema taratibu, akarudia. Kiganja kilipita shavuni. Ngumi ilibonyea ubavuni, ikageuka kama jiwe. Mikono ikafunguka juu ya kichwa, ikashuka kifuani. Ofisi nzima ikageuka. Meneja alitazama kulia, akatazama kushoto. Mwanamke wa makamo aliyefiwa anamtupia mikono mbele ya wateja, angefanya nini? Akatabasamu kwa huruma, akaitikia kwa kichwa. Mama Kola akaendelea. Meneja akaitikia tena.

Mama Kola akashusha mikono.

"Nimekuambia nini?"

"Mama, nimeelewa uchungu wako..."

"Nimekuambia mrudishe kitandani, bado panauma. Nimekuapia kwa Mungu na kwa mama yangu. Umeitikia mara nne, nimehesabu. Kuhesabu si ndiyo kazi yenu?"

Meneja aliinamisha macho kwenye kaunta.

"Ndivyo alivyoruhusiwa hospitali," Mama Kola alisema. "Na ndivyo alivyokufa, watu wamemzunguka wanamwitikia."

"Kuhusu ile sahihi," meneja alianza, sauti imempungua, "kwa bahati mbaya haifutiki mpaka mkataba wa nyumba uishe, ni miaka miwili..."

"Sikuja kuifuta. Ni yangu, nitasimama nayo mbele ya Mungu. Nilitaka tu na ninyi muijue ni ya nani." Akaokota mkoba. "Hizo giga zenu mtumieni yule mzee wa ujumbe mmoja. Atasomea rambirambi."

Jioni ya siku hiyo Mwalimu alibisha mlango wake. Shati lake la kijivu lilikuwa limekaa pale tangu kabla ya msiba, kola imefumuliwa, haijashonwa.

"Pole tena, Mama Kola," alisema, bado amesimama kizingitini. "Nimesikia ulikwenda ofisini. Mimi nasema, ni mapenzi ya Mungu. Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Ni haki kila mtu alipe anachotumia."

Mama Kola aliinuka, akachukua shati kwenye rundo. Kwa mkono mmoja akampa shati, kwa mkono wa pili akampa kola.

"Na hii?" Mwalimu aliuliza, ameshika kola kama mtu aliyeshika samaki.

"Ni yako. Wewe ni mtu wa kutumia kidogo, Mwalimu. Kola itakuwa anasa."

"Mama Kola. Mimi na wewe ni watu wa ibada. Tunafundishwa kusamehe."

"Najua. Kila siku namwomba Mungu anipe msamaha wa kukupa. Akishanipa nitakuletea mlangoni, hutalipia. Lakini Mungu usimsingizie. Mapenzi yake siyajui, ila vidole vilivyoshika ile kalamu navijua, vyako na vyangu."

Akafunga mlango. Kuanzia hapo Mwalimu alivaa shati lile chini ya sweta, hata siku za joto.

Simu Mama Kola aliitoa juu ya droo akaifungia kabatini. Kopo la nyuzi lilibaki peke yake. Ila kwa vile paka na panya nao walikwisha kwa sababu ya mita, mapacha wa Mama Mapacha, wasichana wa miaka sita, walianza kuja kukaa kwenye benchi lake kwa kukosa la kutazama. Alijaribu kuwafukuza kwa ulimi, hawakuondoka. Siku moja mmoja wao alimwona akisali, akamwuliza, "Shangazi, unashika nini hewani?" Alisukuma kando shati alilokuwa akishona. Aliwaonyesha mama. Akawaonyesha safari. Juma lililofuata akawaonyesha yule jirani wa zamani mwenye mafua, nao wakacheka hadi wakaanguka kwenye benchi.

Hata wakala akarudi. Fulana mpya, kalamu tatu zile zile, na mpango mpya, vifurushi vya familia. Alisimama mbele ya dirisha, akaeleza jinsi vilivyo nafuu. Mama Kola hakuinua uso kwenye cherehani. Mapacha kwenye benchi walimsikiliza hadi mwisho, wakatazamana, kisha kwa pamoja, taratibu, wakainua kidole na kusugua ncha za pua zao.

Wakala akatabasamu, akawaitikia kwa kichwa.